Sura ya Tisa: Kapu Namba Kumi na Saba

Swali lilikuwa moja tu, na Kapteni Motrona Zaverukha wa polisi wa mkoa alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada: nani alishika usukani?

Mei mwaka 1986, siku chache baada ya mtambo wa nyuklia wa Chornobyl kulipuka, shamba la ushirika la Ternovyi Brid lilipeleka lori moja kwenda kuhamisha ng'ombe kutoka eneo lenye sumu. Lori moja, dereva mmoja, tarehe mbili hadi tarehe tisa. Sasa ilikuwa Aprili 2009 na kulikuwa na vyeti viwili vya ushujaa kwa safari hiyo moja. Cha kwanza kilikuwa cha Kindrat Ovsiychuk, dereva mstaafu. Cha pili kilikuwa cha Zakhar Tykhonovych Lubenchuk, naibu waziri. Lori lilelile, siku zilezile. Labda walipakatana.

"Kesi ya asubuhi moja," mkuu wake, Kanali Myron, alikuwa amemwambia. "Ofisi ya naibu waziri imelalamika, mzee kaghushi. Andika, funga, uwahi kuoka mikate yako ya Pasaka."

Ilikuwa Alhamisi, na Pasaka ilikuwa Jumapili. Kesho yake saa nne asubuhi kamati ya vyeti ingeketi. Kamati ikimfuta Kindrat, angefutwa pia kwenye orodha ya upasuaji wa bure wa koo, na kitanda chake kingepewa mtu mwingine kabla shuka hazijapoa. Daktari alikuwa amemnong'oneza Motrona kwamba uvimbe ule hausubiri kamati ya pili.

Kwa hiyo saa mbili asubuhi alikuwa wodini, amekalia kigoda kilichofanya magoti yake yafike kidevuni.

"Mjomba Kindrat, nipe kitu ambacho mtu aliyekaa nyumbani hawezi kukijua."

Mzee aligeuza kichwa taratibu. Shingo yake ilikuwa imevimba upande mmoja, na sauti ilitoka kama inapita kwenye bomba lenye kutu. "Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa siku tatu. Wanalia kama watu."

"Hilo lipo hata gazetini."

"Basi andika nimeghushi, ukaoke."

"Mjomba, nimeamka saa kumi kwa ajili yako. Usinichoshe."

Mzee alijiinua kidogo kwenye mto. "Kulikuwa na bibi mmoja barabarani, kwenye kijiji kilichokuwa kinahamishwa. Alinipenyezea dirishani kipande cha paska, mkate wa Pasaka, na mayai mawili mekundu. Kristo amefufuka, mwanangu, akaniambia. Askari mwenye kipimo cha mionzi akaweka kidude chake juu ya yai, kikalia kama panzi kwenye kiberiti. Akanikataza kula. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikala moja."

"Na la pili?"

"La pili alikula yeye. Alikuwa na njaa kuliko mimi."

"Siku gani hiyo?"

Kindrat alimtazama kwa huruma. "Binti, wewe umebatizwa kweli?"

Motrona alitoka nje, akampigia simu padri wa mtaa wake. Padri alifungua jedwali lake, akapiga chafya mara mbili, akasema: mwaka 1986 Pasaka iliangukia tarehe nne Mei.

Kisha alitoa mkobani kitabu cha Lubenchuk, kile kinachogawiwa bure kila uchaguzi, chenye picha zake kuanzia utotoni mpaka jana. Kazi ya mtu yule ilikuwa imepanda kama kuku anavyopanda ngazi, hatua moja, kinyesi kimoja. Alianza kama katibu wa umoja wa vijana wa chama hapo shambani, akazindua sanamu ya Lenin mbele ya ofisi. Miaka sita baadaye, chama kilipokufa, yeye ndiye aliyefunga kamba shingoni mwa sanamu hiyohiyo, na picha zote mbili zilikuwa kitabuni, na katika zote mbili alicheka vilevile. Akawa mkuu wa wilaya. Akawa mbunge wa chama cha kwanza, cha pili na cha tatu, akihama kila mara wiki moja kabla paa halijaanguka. Na ngazi zote hizo aliziegemeza kwenye siku nane za Chornobyl. Alizisimulia bungeni. Alizisimulia kila tarehe ishirini na sita Aprili, siku ya mlipuko, na machozi yake yalijua saa ya kutoka. Mwaka jana alianzisha msako wa mashujaa bandia, na msako ukamkuta Kindrat.

Ukurasa wa thelathini na nane uliandikwa: "Tarehe 4 Mei. Jumapili, siku ya kazi kama nyingine. Niliamka alfajiri, nikanywa chai, nikawasha injini."

Hapakuwa na Pasaka wala yai.

Ulikuwa ushahidi? Hapana. Katibu wa vijana wa chama alilipwa kwa kuisahau Pasaka. Wakili yeyote angemjibu hivyo kabla hajamaliza sentensi. Motrona aliweka karatasi kwenye ukurasa ule, akawasha gari kuelekea Ternovyi Brid.

Mwenyekiti wa kijiji, Panas Omelianovych Tsybulko, alimpokea chini ya picha ya Lubenchuk iliyokuwa kubwa kuliko dirisha. Faili za madereva wa shamba, alisema, ziliharibiwa na mafuriko.

"Mafuriko ghorofa ya pili?"

"Maji ya miaka hiyo yalikuwa hodari." Alimsogezea kikombe cha chai. "Motrona Yukhymivna, mimi nitakurahisishia. Kindrat hakuendesha kitu. Nakumbuka vizuri sana. Tarehe mbili Mei kaka yangu alioa, na Kindrat alilewa kwenye harusi ile siku tatu mfululizo. Tulimlaza kwenye zizi la bata."

"Utaliandikisha hilo?"

"Hata sasa hivi."

Aliandikisha, na kwa raha zake. Alieleza nguruwe aliyechinjwa, mpiga kodiani aliyeanguka kisimani, bibi harusi aliyekuwa na miguu mizuri. Motrona aliandika neno kwa neno, akamwacha asaini kila ukurasa. Ndipo akauliza, akiwa anafunga kalamu:

"Kaka yako alioa Ijumaa Kuu?"

"Nini?"

"Pasaka ilikuwa tarehe nne. Tarehe mbili ilikuwa Ijumaa Kuu. Akachinjwa nguruwe na kodiani ikapigwa, mama yako akiwa hai?"

Tsybulko alikirudisha kikombe cha chai upande wake. Wakati ule hata makomunisti wa kijiji kile hawakuoa katika mfungo wa Kwaresima, si kwa kumwogopa Mungu, bali kwa kuwaogopa mama zao.

"Huenda nimechanganya mwaka," alisema.

"Maelezo ya uongo ni kosa la jinai, Panas Omelianovych, nilikusomea kabla hujaanza. Nani alikuletea harusi hii?"

"Hakuna aliyeleta."

"Basi utaibeba peke yako. Niambie jambo lingine. Usiku wa Pasaka, katibu wa vijana wa kijiji alikuwa anakaa wapi?"

Uso wa Tsybulko uliiva kama kiazi kwenye majivu. Na Motrona hakuhitaji jibu. Mtu yeyote mwenye umri wake nchini humo alilijua. Usiku wa Pasaka katibu wa vijana alisimama kwenye lango la kanisa, na kitambaa chekundu mkononi na daftari, akiandika jina la kila kijana aliyekuja na kapu la mikate na mayai ya kubarikiwa. Yeye mwenyewe mwaka ule alikuwa na miaka ishirini na moja, na aliingia kanisani kwao kwa kuruka ukuta wa nyuma, kapu la bibi yake limefungwa shingoni kwa mtandio.

Mfagiaji alikuwa anasugua korido kwa nguvu isiyohitajika. Motrona alipompita, mama yule alisema bila kuinua kichwa: "Nyumba ya lango la bluu. Stefania. Alikuwa mwalimu, sasa anakamua ng'ombe. Ukigonga, gonga kwa kidole kimoja."

Aligonga kwa kidole kimoja. Mlango ulifunguka upana wa jicho.

"Paska iko tanuruni," jicho lilinong'ona. "Kama una kelele, rudi Jumatatu."

"Sina kelele. Ni polisi."

"Hao ndio wenye kelele." Lakini alimfungulia, akamwashiria avue viatu, akafunga mlango taratibu kwa mikono miwili. Nyumba nzima ilinukia maziwa, sukari na zabibu kavu. Paka alikuwa amefungiwa stoo. Saa ya ukutani ilikuwa imesimamishwa ili isipige. Mikate ya Stefania ilijulikana wilaya nzima. Inasemekana mwaka mmoja ilikuwa mirefu hadi ikabidi atoboe dari, na mwaka mwingine jirani alikohoa, ikashuka ikawa chapati.

Wakakaa jikoni, magoti kwa magoti, wakanong'ona.

"Stefania Hnativna, nimekuja kuhusu usiku wa Pasaka ya mwaka wa mlipuko."

"Sina la kusema. Mara ya mwisho nilipomwambia mtu wa serikali jina langu, nilipoteza kazi."

"Alikuwa nani?"

"Unamjua. Anakaa ukutani pale ofisini, meno kama kinanda." Mnong'ono wake ulianza kutetemeka. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwaka wangu wa kwanza darasani. Mama alikuwa mgonjwa, akaniomba nipeleke kapu. Zakhar yuko langoni. Tulisoma dawati moja, kapteni. Nilimpa majibu ya hesabu miaka minane. Nikamwambia, Zakhar, nipishe. Akasema, jina kamili? Kama hanijui. Jina kamili?"

Ngumi yake ilinyanyuka juu ya meza. Aliitazama, akatazama tanuru, akaishusha polepole sana mpaka ikagusa kitambaa bila sauti.

"Endelea," Motrona alinong'ona.

"Akachukua yai kwenye kapu langu. Akalimenya palepale, akalila mbele yangu, akaandika huku anatafuna. Jumatatu orodha ikabandikwa kwenye klabu ya kijiji. Jumatano nikafukuzwa. Amri ya kufukuzwa inasema, kwa ushahidi wa macho wa katibu Lubenchuk. Mimi nilipaswa kuwa mkuu wa shule sasa. Ninakamua. Miaka ishirini na mitatu. Nyoosha mkono."

Motrona alinyoosha. Stefania aliubana kwa vidole vyake viwili, na kapteni, ambaye aliwahi kuvunja pua ya mwizi wa pikipiki, alilazimika kuuma mdomo ili mkate usianguke.

"Orodha ile iko wapi sasa?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Zakhar Tykhonovych anasema siku hiyo alikuwa Chornobyl, kwenye lori. Anasema hivyo kwa cheti. Na kesho saa nne Kindrat Ovsiychuk anafutwa ili cheti hicho kibaki peke yake."

Stefania alifanya jambo la ajabu: alicheka, bila sauti, mabega yakiruka, machozi yakimtoka, na kicheko kile hakikuwa na furaha hata punje. "Watu huzisikia hotuba zake," alinong'ona alipoweza. "Mimi sizisikilizi. Akitokea kwenye televisheni nakwenda kwa ng'ombe. Miaka yote hii nimekalia kitu hiki na sikujua ni nini."

Alisimama juu ya benchi, akaishusha picha ya Bikira kutoka pembeni, akabandua ubao wa nyuma. Karatasi ilikuwa ya manjano, na kona zake nne zilikuwa zimechanika mahali alipoing'oa kwenye misumari ya klabu.

Motrona aliisoma mara tatu. "Waliokutwa wakishiriki ushirikina, usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Mei 1986, saa nne usiku hadi alfajiri. Nimewaona kwa macho yangu." Majina ishirini na sita. La kumi na saba: Stefania Hnativna Korniychuk, mwalimu, kapu kubwa. Chini, sahihi yenye mkia mrefu kama wa mbweha, ileile iliyokuwa mwisho wa malalamiko dhidi ya Kindrat.

"Nitaichukua na nitakupa stakabadhi," alisema.

"Chukua. Lakini akisema nimeitunga?"

"Ndiyo sababu sijamaliza."

Hadi saa nane mchana alikuwa amezunguka kijiji chote kwa miguu iliyojaa matope. Kati ya majina ishirini na sita, tisa walikuwa makaburini, wanane walikuwa Italia wakiwatunza wazee wa watu wengine, na tisa walikuwa nyumbani. Saba kati ya hao tisa waliandikisha maelezo, wote kwa kunong'ona, maana kila nyumba ilikuwa na mikate tanuruni. Mmoja alisema Lubenchuk alikuwa na viatu vipya usiku ule. Mwingine alisema alimkanyaga makusudi. Wawili walikataa, mmoja alikuwa na mtoto wizarani, na mwingine alikuwa mke wa Tsybulko.

Simu ililia akiwa garini.

"Umefunga?" aliuliza Kanali Myron.

"Bado shahidi mmoja."

"Nani?"

"Mlalamikaji."

Kanali alisikika akiwasha sigara. "Motrona, mimi nina miaka miwili ya kustaafu."

"Mimi nina saa ishirini," alijibu, akakata.

Lubenchuk alikuwa kwenye jumba la utamaduni la wilaya, akifanya mazoezi ya kugawa nishani za kumbukumbu wiki ijayo. Alimpokea katika chumba cha nyuma ya jukwaa, akiwa amenyoosha miguu, suti ya kijivu, uso wa mtu aliyelala vizuri tangu azaliwe.

"Motrona Yukhymivna. Mzee amekiri?"

"Kuna jambo dogo limejitokeza kando, Zakhar Tykhonovych. Stefania Korniychuk. Alikuwa mwalimu."

Tabasamu lilipungua nusu sentimita. "Stefa. Masikini. Anataka nini?"

"Anasema alifukuzwa kazi kwa ushahidi wa uongo. Anasema hukuwepo langoni, orodha waliiandika vijana wengine, wewe ukaisaini kitandani. Anataka fidia na arudishiwe ualimu."

Hayo Stefania hakuyasema. Motrona aliyasema kwa uso mkavu kama karani wa posta, akaweka mbele yake nakala ya amri ya kufukuzwa aliyopewa na Stefania, ile yenye maneno "ushahidi wa macho".

Lubenchuk alicheka. "Nilisaini kitandani? Mimi? Mwandike huyo mwanamke kwamba ni mwongo. Nilisimama pale usiku kucha, vidole vimeganda. Ilikuwa kazi yangu na niliifanya kwa uaminifu. Leo mimi ni muumini, askofu mwenyewe anajua, nimeshaungama. Lakini ushahidi wangu ulikuwa wa kweli."

"Labda umemchanganya na mtu mwingine. Watu walikuwa wengi."

"Stefa? Tulisoma dawati moja. Kapu kubwa, kitambaa chenye jogoo. Hata yai nilichukua, tukacheka wote."

"Mlicheka wote?"

"Nilicheka mimi. Andika tulicheka."

"Ungependa liandikwe rasmi? Lingemaliza madai yake leo."

"Andika upesi, wananisubiri."

Alimsomea onyo la maelezo ya uongo, akaandika kurasa mbili bila kuongeza wala kupunguza: langoni, saa nne usiku hadi alfajiri, kapu kubwa, jogoo, yai. Lubenchuk alipitisha macho kama mtu anayesoma orodha ya vyakula, akaandika chini kwa mkono wake mwenyewe, kama sheria inavyotaka: yameandikwa kutokana na maneno yangu, nimeyasoma, ni sahihi. Akasaini. Mkia wa mbweha ulifika ukingoni mwa karatasi.

Motrona alipuliza wino. Kisha akaifungua ile karatasi ya manjano, akaiweka mezani kidole chake kikiwa juu ya tarehe. Kando yake akaweka cheti cha Chornobyl. Na juu ya vyote akaweka kitabu, ukurasa wa thelathini na nane.

Alimwacha asome. Nje jukwaani mtu alikuwa anapima kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

"Hii ni hila," Lubenchuk alisema mwishowe. "Tarehe zile alizijaza karani mwaka tisini na mbili. Alibandika siku yoyote."

"Kitabu umeandika mwenyewe. Uliamka alfajiri, ukanywa chai."

"Kindrat alikuwa mlevi. Nani angempa nishani mlevi? Nchi ilihitaji kijana safi, mwenye elimu. Mwenyekiti wa shamba aliniambia mwenyewe, Zakhar, karatasi za safari zipo, dereva hajui hata kuziomba. Sikumnyang'anya kitu."

"Hilo nalo ungependa liandikwe?"

Aliruka juu. Kiti kilianguka nyuma yake. "Unajua unaongea na nani? Nikiinua simu hii, kesho utakuwa unaelekeza magari njia panda."

"Inua." Motrona naye alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakunong'ona. "Inua umpigie unayemtaka. Mtu alikula yai lenye sumu kwa sababu alikuwa kazini na hakuwa na kingine cha kula. Siku ileile wewe ulikula yai la mama mgonjwa, ukaandika jina la mtoto wake huku unatafuna. Halafu ukachukua na siku nane za Kindrat. Na hazikukutosha. Sasa unataka na koo lake. Piga simu. Lakini kabla ya hapo utaandika kwamba malalamiko yako umeyaondoa, utie saa na dakika, kwa sababu ofisi ya kamati inafungwa saa kumi na moja na mimi nina kilomita arobaini za mashimo."

Kipaza sauti kilikuwa kimenyamaza. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha mkono, na mwangani palikuwa na viatu vya watu watatu au wanne ambavyo havikusogea.

Lubenchuk aliviona. Aliokota kiti, akakaa, akaandika. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pa sahihi.

"Na hii haitakufunga mdomo kuhusu hayo mengine," alisema bila kumtazama.

"Hapana. Hayo yanakwenda kwa mwendesha mashtaka leo hii, nakala tatu."

Alifuta uso kwa leso, na alipoinua kichwa alikuwa amejaribu kulivaa tena lile tabasamu la picha. "Motrona Yukhymivna, wewe ni mtu mzima. Miaka ishirini na mitatu. Nchi yenyewe ile ilishakufa."

"Kindrat bado," alisema Motrona, akachukua koti lake.